Hapana ya Kwanza

Mume wangu Verlyn alianza kuchechemea wiki ile theluji ilipoanza kuyeyuka, na nilipomuuliza akasema buti linabana. Buti lenyewe amelivaa tangu binti yetu yuko shule ya msingi.

"Limeanza kubana leo?"

"Ngozi inasinyaa kwa baridi."

"Na akili yako inasinyaa kwa nini?"

Akacheka, akaenda zake karakana kuendelea kutafuta nati ya mashine ya kupandia ngano. Nati ilikuwa imempotea, naye alishaamua kwamba Duane wa ghala la nafaka ameiazima bila kusema. Nikamtazama kupitia dirisha akivuka uwanja, mguu wa kulia akiuburuta kidogo.

Verlyn ana kisukari. Baba yake alikuwa nacho pia, naye alianza hivihivi, kwa kuchechemea na kulaumu viatu, akamaliza maisha yake na mguu mmoja. Mimi nimeizoea miguu ya Verlyn yote miwili na sikutaka kupunguziwa.

Utasema, si umpeleke hospitali. Hospitali iko Minot, mwendo mrefu kwa gari, na ukimwambia Verlyn twende Minot, anakwambia baada ya kupanda. Baada ya kupanda kuna kupiga dawa, baada ya kupiga dawa kuna kuvuna, baada ya kuvuna kuna kuwinda kulungu, na wakimaliza kuwinda barabara imeshafungwa na theluji. Mwaka wa mkulima wa Dakota Kaskazini hauna siku ya kuugua.

Zamani hapa Torvik tulikuwa na Gudrun, nesi wetu mtabibu. Alikuwa na ruhusa ya kupima, kuandika dawa na kushona vidonda kama daktari, na zahanati ilikuwa yake peke yake. Gudrun akikuona dukani unachechemea, alikuvua kiatu palepale kati ya mayai na maziwa. Lakini alistaafu, akahamia Arizona kuota jua, na tangu hapo mlango wa zahanati una kufuli.

Ndipo tukaunda kamati ya kutafuta nesi. Tulikuwa watatu: mimi, LaVonne wa posta, rafiki yangu tangu utoto, anayejua barua ya kila mtu inasema nini bila kuifungua, na huyo Duane, ambaye tulimfanya mwenyekiti kwa sababu ndiye pekee mwenye tai ya shingoni. Vikao vilifanyika jikoni kwangu.

"Kahawa, LaVonne?"

"Aa, hapana, nimekunywa nyumbani."

"Lakini iko tayari."

"Usijisumbue, shoga."

"Kidogo tu?"

"Haya, nusu kikombe. Isije ukaimwaga bure."

Kisha anakunywa birika zima, na kikao kinaanza.

Nesi wa kwanza tulimwalika mwezi wa Januari, na hilo lilikuwa kosa la Duane. Alishuka kwenye gari, upepo ukamvua kofia, akarudi garini bila hata kuifuata. Nadhani kofia ile sasa inaishi jimbo la jirani, Minnesota. Wa pili alipiga simu kuuliza kama mji wetu una mkahawa wa samaki wabichi. LaVonne akamjibu samaki wapo, tena wabichi mno, ila utoboe barafu kwanza uwavue mwenyewe. Simu ikakatika.

"Ulikuwa na haja gani ya kumwambia kweli?" Duane akalalamika.

"Angekuja na uma wake mkononi, ungemlisha nini? Tai?"

Wa tatu alikuwa Rochelle Pettiford, kutoka Philadelphia. Watoto wake walikuwa wameshaondoka nyumbani, naye alikuwa amechoka na hospitali kubwa ambako hakuna anayejua jina la mwenzake. Akasema atakuja Aprili, akae wiki moja, afungue zahanati, ajionee. Aliposhuka garini, mrefu, koti jekundu, upepo ulijaribu kumvua kofia. Aliikamata kwa mkono mmoja na kuukemea upepo kwa sauti iliyosikika hadi ghalani.

"Huyu ndiye," LaVonne akaninong'oneza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na mimi safari hii nilikuwa na mwenyeji wangu hasa wa kuponywa.

Nikajitolea kukaa mapokezi ya zahanati. Jumatatu watu walifurika. Kila mmoja alikuja na sahani: biskuti, pai, bakuli la nyama na viazi vya kuoka, lefse, chapati yetu laini ya viazi, iliyofungwa kwenye taulo. Mzee Myron Bakken, mjane asiyekosa popote penye chakula, alikuja wa kwanza, akikohoa tangu nje.

"Karibu, mzee wangu," Rochelle akamwambia. "Unasumbuliwa na nini?"

"Mimi? Mimi mzima kabisa. Nimeleta biskuti."

"Nasikia unakohoa."

"Ni vumbi la ngano tu."

"Nikusikilize kifua?"

"Aa, hapana, usijisumbue."

"Sawa, mzee. Asante kwa biskuti."

Myron akabaki amesimama. Akaitazama picha ukutani, akaitazama mizani, akanitazama mimi. Rochelle alikuwa ameshamfungulia mlango. Akatoka, akakaa ndani ya pikapu yake muda mrefu bila kuiwasha, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Ikawa hivyo wiki nzima. Mwalimu wa kwaya alikuja na bega lisilonyanyuka, akaulizwa kama litazamwe, akasema hapana, akaagwa kwa tabasamu. Mke wa Duane alikuja na maumivu ya kichwa na keki, akaacha keki na kuondoka na maumivu. Hadi kufika Alhamisi, mji mzima ulikuwa unanung'unika posta.

"Ana roho ngumu yule mama," LaVonne akaniambia. "Alitaka kunipima presha, nikamwambia hapana, akakubali!"

"Akakubali?"

"Vilevile ninavyokwambia! Kama vile tumegombana."

Nilimtetea, lakini kwa mdomo tu. Maana Jumatano usiku Rochelle alikuwa amekula kwetu, na mimi niliuona ugumu huo kwa macho yangu.

Nilikuwa nimepika siku nzima. Nilimkalisha Rochelle mahali ambapo lazima amwone Verlyn akitoka bafuni hadi mezani, na nikahakikisha Verlyn anakwenda kunawa. Akaja, mguu unaburuta. Rochelle akaweka uma chini.

"Verlyn, huo mguu una nini?"

"Hamna kitu. Buti."

"Niutazame?"

Verlyn akasema, "Aa, hapana. Kula kwanza, chakula kitapoa."

Nikangoja. Nikamtazama Rochelle, nikamtazama Verlyn, na ninamjua mume wangu: alikuwa ameshausogeza mguu nje ya meza, tayari. Rochelle akaitikia kwa kichwa, akachukua uma wake.

"Naomba viazi," akasema.

Nilimpa viazi. Nilitamani kumpa na bakuli lenyewe kichwani. Nesi gani anauona mguu wa mtu wa kisukari unaburutwa sakafuni, halafu anaomba viazi! Usiku ule nililala nimempa Verlyn mgongo, kana kwamba kosa ni lake. Na asubuhi nilipofua soksi zake nilikuta moja ina doa la majimaji ya njano kwenye vidole. Nilimwonyesha. Akasema ni grisi. Mimi nimefua grisi ya mwanamume huyu maisha yangu yote, na ile haikuwa grisi.

Ijumaa jioni tukamwandalia Rochelle chakula cha kumuaga, ukumbi wa chini wa kanisa. Mji wote ulikuja. Duane akasimama na tai yake, akakohoa, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi siku nzima ghalani.

"Mama Rochelle, sisi tungefurahi kama ungebaki. Lakini hatutaki kukusumbua. Basi."

Akakaa. Kwa Duane hiyo ilikuwa hotuba.

Rochelle akasimama. "Asanteni. Sijawahi kulishwa hivi tangu mama yangu afariki," akasema, na watu wakacheka kidogo. "Nyinyi ni watu wema, lakini hamnihitaji. Nimekaa pale zahanati wiki nzima, na hakuna mmoja wenu aliyetaka hata nimguse mkono. Mimi natafuta mahali ninapotakiwa. Kwa hiyo hapana. Kesho asubuhi naondoka."

Ungedhani mtu angepiga kelele, angalau angegonga meza. Hakuna. Watu wangu waliitikia kwa vichwa kwa adabu, na mtu mmoja akasema, "Basi safari njema, chunga kulungu barabarani." Verlyn alikuwa amekaa kwenye kona, mguu ameunyoosha chini ya kiti cha mbele. Alitazama sahani yake. Nilikimbilia jikoni kabla uso haujaniumbua, nikafungulia maji na kuanza kusugua sufuria ambayo LaVonne alikuwa ameshaisugua.

Rochelle akanifuata. Hakuwa mtu wa kukaa huku wengine wanaosha vyombo. Akaona birika kubwa la kahawa, akalibeba. "Ngoja niwamiminie watu, nikirudi nakausha sahani."

Kupitia dirisha la kupitishia vyakula nikamwona akienda meza hadi meza. Kila meza alipita haraka ajabu, na birika halikupungua. Akafika kwa mzee Myron.

"Kahawa, mzee?"

"Aa, hapana, asante."

Akampita. Myron akageuza shingo kulifuata birika kwa macho hadi likatokomea, na kikombe chake kitupu amekishika kwa mikono miwili. Hapo nikashindwa. Rochelle aliporudi jikoni nilimvaa.

"Mzee wa watu amekukosea nini?"

"Nani?"

"Myron! Kumnyima kahawa hivyohivyo mbele za watu!"

"Ardis, nimemuuliza. Kasema hapana."

"Kasema hapana ya kwanza!"

"Kwani kuna ya pili?"

"Ipo ya pili! Halafu unamuuliza tena, ndiyo anakubali. Wewe kwenu mtu anakubali kahawa mara ya kwanza, kama mwenye njaa?"

"Kwetu mtu akitaka kahawa anasema lete kahawa!"

Tukatazamana. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki na hakuna aliyeyafunga. Nikaiona wiki nzima ikipita mbele yangu: Myron ndani ya pikapu, bega la mwalimu wa kwaya, mguu wa Verlyn umetoka nje ya meza unangoja. Maskini, yule mama hakuwa na roho ngumu hata chembe. Alikuwa anatuamini.

"Rochelle," nikasema. "Jumatano, pale mezani. Ulimuuliza mara moja."

"Nilimuuliza, akakataa. Mtu mzima akinikatalia mwili wake, mimi simlazimishi. Ndivyo nilivyofundishwa." Akalitua birika. "Mungu wangu. Myron na kile kikohozi."

"Na LaVonne na presha yake."

"Alisema yeye mzima!"

"Hapa hata maiti ukimuuliza atakwambia mzima. Sikiliza. Ya kwanza ni adabu. Ya pili ni adabu. Ya tatu ndiyo jibu."

Alicheka hadi akashika meza, akacheka huku ameziba mdomo kwa taulo la vyombo. Nami nikacheka, na nilikuwa nalia vilevile. "Soksi yake ina usaha," nikamwambia, na kicheko chake kikazimika kama taa. Akatupa taulo, akaenda garini kuchukua mkoba wake. Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya Verlyn, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Watu wakaacha kula pai.

"Verlyn, niutazame mguu?"

"Aa, hapana, asante."

"Niutazame, Verlyn?"

"Watu wanakula, mama. Si mahali pake."

Rochelle akasogeza kiti. Nilijua alikuwa anakwenda kinyume na yote aliyofundishwa, na nikampenda kwa hilo.

"Niutazame?"

Verlyn akanitafuta kwa macho ukumbini hadi akanipata. Mwanamume huyu hajawahi kulalamika mbele yangu, hata siku trekta ilipomvunja mbavu.

"Haya," akasema. "Kidogo tu. Kama huna kazi nyingine."

Buti lilikataa kutoka, ikabidi Duane alivute. Lilipochomoka, Rochelle aliingiza mkono ndani hadi mbele kabisa, akapapasa, akachomoa kitu kilichojichimbia kwenye sponji. Akakiweka mezani, kikalia kama sarafu. Ilikuwa nati. Nati ya mashine ya kupandia.

"Ndiyo hiyo!" Verlyn akasema kwa furaha ya kweli. "Duane, nilidhani unayo wewe!"

Hakuna aliyecheka. Mtu alikuwa ametembea juu ya chuma siku zote zile bila kuhisi, na kila mtu mle ndani alielewa maana yake: kisukari kilikuwa kimeutia mguu ganzi. Rochelle akamvua soksi taratibu, akiilowesha ilipogandia. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha kuweza kuingia nati yenyewe. Alisafisha, akabonyeza huku na huku, akanusa, akamuuliza wapi anahisi na wapi hahisi. Myron alishika taa.

"Baba yako alipoteza mguu?" Rochelle akauliza. Nilishamwambia.

"Ndiyo."

"Wewe hupotezi. Nadhani tumewahi. Kesho asubuhi unakwenda Minot wakupige picha, tujue mfupa uko salama. Ardis ndiye ataendesha."

"Kesho ninaanza kupanda..."

"Hilo sikuulizi, Verlyn. Nimekwambia." Watu wakaguna kwa kuridhika, maana hata Gudrun alikuwa hivyo. "Baada ya hapo kidonda kioshwe na kufungwa kila siku, na usikikanyagie hadi kifunge. Huenda ni hadi katikati ya kiangazi. Kikifungwa vibaya, kinarudi."

"Nani atakifunga?" nikauliza.

Nilikuwa nauliza tu. Sikuwa na hila. Lakini swali likabaki pale katikati ya ukumbi, na watu wote wakageuka kumtazama Rochelle, kisha wakatazama sakafu.

Duane akainuka. Alirekebisha tai yake. Nadhani LaVonne alikuwa amemfinya.

"Mama Rochelle," akasema, "je, hutabaki nasi?"

Rochelle alikuwa anazungusha bandeji. Hakuinua kichwa. "Hapana, asante," akasema.

Hadi leo sijui kama alikuwa anatutania au la. Nilimuuliza baadaye akanijibu kwamba na yeye hakujua. Duane akakaa, jasho limemtoka. Na hapa sharti nikueleze jambo moja kuhusu watu wangu. Kukataa mara mbili tunajua sana. Kuomba mara ya tatu, kwa jambo unalolihitaji kweli, mbele ya watu, hilo hatuliwezi. Tunaona heri mguu uende. Hata mimi nilijikuta nakusanya sahani chafu.

"Mama," Verlyn akasema.

Mguu wake ulikuwa bado mikononi mwa Rochelle, mweupe, na vinywele vyake vichache. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Mimi nataka niendelee kutembea na mke wangu," akasema. "Baki. Nakuomba."

Mwanamume huyu hata siku ya kunichumbia hakuomba. Aliniambia tu kwamba nyumba imepakwa rangi.

Rochelle akafunga ncha ya bandeji, akaipapasa ilale vizuri. Akatazama ukumbi wote, bakuli zetu, nyuso zetu nyekundu, Myron na kikombe chake kitupu.

"Haya," akasema. "Nusu kikombe."

Kelele zilizolipuka sijawahi kuzisikia kanisani. Myron akaanza kufungua vifungo vya shati papo hapo, ili asikilizwe kifua kabla Rochelle hajabadili mawazo. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshapanga foleni na bega lake. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni nikilia kwa sauti, jambo ambalo kwetu hatufanyi hata msibani. LaVonne akaja, akanipa leso yake.

Niliichukua mara ya kwanza.